Kabla Hujapanda Lengalenga Texas

Chukua Jumamosi moja nzuri ya mwezi Mei. Umeuza mboga za dola 420 kwenye soko la wakulima, kibanda kimebaki kitupu, na njiani kurudi nyumbani unasema moyoni kwamba kazi imelipa. Sasa toa gharama. Ushuru wa kibanda, dola 45. Petroli na barabara za kulipia, 22. Mifuko na barafu, 15. Mbegu, mbolea na maji ya wiki hiyo, 60. Akiba ya matengenezo ya gari, ambayo wengi huikumbuka siku gari limegoma, 30. Zimebaki dola 248. Wiki hiyo wewe umefanya kazi saa 26 na mkeo saa 20: kupalilia, kuvuna alfajiri, kuosha, kufunga mafungu, kusimama kibandani. Gawanya, utapata dola 5 na senti 39 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara Texas ni dola 7.25. Na hapo kodi ya waliojiajiri, asilimia 15.3, bado haijaguswa.

Tarakimu hizo ni za mfano. Toa zangu uweke zako, lakini ifanye hesabu hiyo leo usiku, kwa kalamu na karatasi. Wengi wetu tuliofika Dallas, Fort Worth na Houston kutoka Kivu, Burundi au Kigoma, wengine kupitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, hatukuja kufundishwa kushika jembe. Kinachotuangusha huku ni upande wa fedha. Nyumbani mvua ikikosea, familia inakula kidogo na kusubiri msimu ujao. Hapa mvua ikikosea, kodi ya nyumba, bili ya umeme na mkopo wa gari vinakusubiri tarehe mosi kama kawaida. Nami naamini kwamba sehemu kubwa ya hasara za mkulima mdogo wa mboga katika miji hii huamuliwa kabla mbegu haijaingia ardhini: kwenye mkataba wa shamba, kwenye tarehe ya kuomba kinga, kwenye idadi ya wanunuzi, na kwenye mkopo uliochukuliwa kwa haraka.

Tuanze na ardhi, maana hapo ndipo watu wema huumia zaidi. Houston kuna shirika liitwalo Plant It Forward, lililoanzishwa mwaka 2011, ambalo limewasaidia wakimbizi, wengi wao Wakongo, kulima mboga katikati ya jiji kwenye viwanja vya watu na taasisi, kikiwamo kiwanja cha Chuo Kikuu cha St. Thomas. Dallas na Fort Worth nako utakuta bustani nyuma ya makanisa, kando ya shule na kwenye viwanja vilivyokuwa vimeachwa. Ni jambo jema, na familia nyingi zimeshika fedha yao ya kwanza ya kilimo Marekani kwa njia hiyo. Lakini ardhi ni ya mwenyewe, na bei ya kiwanja katika miji hii inapanda. Siku mwenye kiwanja akiamua kujenga au kuuza, mboji uliyoirundika miaka mitatu inabaki pale pale.

Sheria ya Texas inasema mkataba wa kukodi ardhi kwa zaidi ya mwaka mmoja lazima uwe wa maandishi, la sivyo huwezi kuudai mahakamani. Neno la mchungaji baada ya ibada, hata likiwa la kweli na la upendo, halikulindi. Na mara nyingi mchungaji mwenyewe hana mamlaka ya kulifunga kanisa kwa mkataba; wenye mamlaka ni bodi. Omba karatasi iliyosainiwa na mwenye haki ya kusaini. Karatasi hiyo iseme mambo haya kwa lugha nyepesi: unakaa miaka mingapi, maji analipa nani, ukitakiwa kuondoka unapewa siku ngapi, je, unaruhusiwa kumaliza kuvuna kilichokwisha kupandwa, na uzio, mabomba ya matone na nyumba ya plastiki ulivyoweka kwa fedha yako ni vya nani. Hilo la mwisho watu huliruka, na ndilo lenye fedha nyingi. Mwenye ardhi akikataa kuandika, basi lima kwa makubaliano ya msimu mmoja, na usiweke kwenye kiwanja hicho kitu ambacho huwezi kukipakia kwenye gari.

Jambo moja unaloweza kulitia mezani wakati wa mazungumzo ni kodi ya ardhi. Texas hupunguza kodi ya ardhi inayolimwa kwa dhati, kwa kuithamini kwa uwezo wake wa kilimo badala ya bei ya soko. Mwenye kiwanja akisikia hivyo atakusikiliza vizuri. Mweleze pia upande wa pili: ardhi inatakiwa iwe imelimwa miaka 5 kati ya 7 iliyotangulia, masharti ndani ya mipaka ya jiji ni magumu zaidi, na akibadilisha matumizi baadaye anaweza kudaiwa tofauti ya kodi ya miaka 3 ya nyuma. Usimwahidi nafuu ambayo ofisi ya tathmini ya kaunti yake haijaikubali.

Kabla ya kusaini, peleka udongo kwenye maabara ya Texas A&M AgriLife iliyoko College Station, na omba wapime madini ya risasi pia. Kiwanja cha mjini huenda kilikuwa gereji, au nyumba ya zamani iliyopakwa rangi yenye risasi. Gharama ya kipimo ni ndogo sana ukilinganisha na kugundua baada ya msimu kwamba mboga zako hazifai kuliwa na mtoto. Uliza pia maji ya kiwanja hicho yanapimwaje. Katika miji mingi bili ya maji huja na ada ya majitaka, nayo huhesabiwa kwa kiasi cha maji uliyotumia. Kama hakuna mita ya umwagiliaji peke yake, utalipia majitaka ya maji yaliyonyweshwa bamia.

Sasa samadi. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hasara hii huja ikiwa imevaa sura ya zawadi. Mfugaji wa nje ya mji anakupa samadi ya farasi bure, unashukuru, unaleta pikapu tatu. Huenda farasi wale wamekula nyasi za malisho yaliyopuliziwa dawa ya magugu ya aina ya aminopyralid. Dawa hiyo hupita tumboni mwa mnyama bila kuharibika, hukaa kwenye samadi, na huweza kudumu kwenye udongo miezi mingi, hata miaka. Haidhuru nyasi wala mahindi, lakini nyanya, maharage, pilipili na bilinganya huziua. Dalili yake ni majani machanga kujikunja na kuwa membamba, yakisokotana kama ngumi ya mtoto mchanga. Ukiyaona hayo shambani umechelewa. Kwa hiyo jaribu kwanza: jaza vikopo vitatu kwa mchanganyiko wa samadi hiyo na udongo, na vingine vitatu kwa udongo uliouzoea peke yake. Panda maharage katika vyote sita, usubiri wiki tatu. Majani ya vikopo vya samadi yakitoka yamejikunja, rudisha samadi ilikotoka. Nyasi kavu za kufunika matuta nazo zijaribiwe vivyo hivyo, maana hatari ni ile ile.

Hali ya hewa ya Texas haihitaji kuhadithiwa kwa aliyekuwapo Februari 2021. Tarehe 16 ya mwezi huo uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth ulishuka hadi karibu nyuzi 19 chini ya sifuri, na Houston, ambako watu hupanda migomba uani, ikafika nyuzi 10 chini ya sifuri. Mboga za majira ya baridi zilikufa, mabomba yakapasuka, umeme ukakatika siku kadhaa. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilikuwa kimeizamisha Houston wakati wakulima wanajiandaa na msimu wa vuli. Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kiliwaacha wateja zaidi ya milioni mbili wa eneo hilo bila umeme, na mkulima aliyekuwa na mboga kwenye friji alizitupa hata kama shamba lake halikuguswa na upepo.

Kuhusu mafuriko kuna jambo ambalo lazima ulijue, kwa usalama wa wateja na wa jina lako. Mamlaka ya chakula ya Marekani inahesabu mboga ambayo sehemu yake ya kuliwa imeguswa na maji ya mafuriko kuwa haifai kwa binadamu. Kuiosha hakusaidii. Katika Houston maji hayo hubeba majitaka na kemikali. Kwa hiyo lengalenga linaloonekana zima baada ya maji kupungua ni hasara tayari, na hesabu zako zilitakiwa ziwe zimeijua hasara hiyo tangu Januari.

Kinga ipo, ingawa ni nyembamba. Wizara ya Kilimo, kupitia ofisi za FSA zinazohudumia kila kaunti, ina mpango wa NAP kwa mazao ambayo bima ya kawaida haiyagusi, na mboga zetu nyingi zimo humo. Ada ni dola 325 kwa zao, lakini mkulima ambaye hajafikisha miaka 10 shambani anasamehewa ada yote. Mwenye kipato kidogo kwa vigezo vyao naye husamehewa. Kinga ya msingi huanza kulipa pale unapopoteza zaidi ya nusu ya mavuno, na hulipa kwa asilimia 55 ya bei ya wastani. Fanya hesabu: hata ukipoteza shamba zima, unachopata hakifiki theluthi ya thamani ya mboga. Kinakutosha kununua mbegu, mabomba na plastiki na kuanza tena, basi. Kuna ngazi ya juu zaidi ya kinga hiyo, inayolipiwa. Uliza bei yake.

Wanaokosa malipo ya NAP wengi hukosea kwenye tarehe. Maombi hufungwa kabla ya msimu, kila zao na siku yake, na kinga huanza siku 30 baada ya kuomba. Kwa hiyo ukiomba kimbunga kikiwa kimekwisha kutajwa kwenye taarifa ya habari, hujapata kitu. Baada ya hasara, mazao yanayovunwa kwa mkono lazima yaripotiwe ndani ya saa 72 tangu uione hasara. Saa 72, na huenda umeme haupo na barabara imefungwa. Weka namba ya ofisi yako ya FSA kwenye simu, piga picha za matuta kila wiki mbili ili uwe na ushahidi wa kilichokuwapo, na andika kila ulichopanda na tarehe yake. Ukienda ofisini, nenda na mtu mzima anayekijua Kiingereza cha ofisi. Usimpe mtoto wa darasa la saba mzigo wa kutafsiri masharti ya fedha ya nyumba nzima.

Kinga ya bei rahisi kuliko zote, hata hivyo, ni kuchagua zao linalopatana na mwezi. Nyanya huacha kushika matunda usiku ukikaa juu ya nyuzi 24, na Julai ya Dallas usiku wake ndivyo ulivyo. Wengi huingia hasara wakinywesha nyanya zisizozaa, kwa maji ya kulipia, kwa sababu tu soko la Wamarekani hupenda nyanya. Lengalenga, matembele, kunde, bamia na ile rozela ambayo ndugu zetu wa Kinshasa huiita ngai-ngai hustawi katika joto hilo hilo. Agosti, wakati vibanda vingine vimeishiwa saladi, wewe una mboga. Sukuma wiki iache kwa ajili ya majira ya baridi, ukiwa na kitambaa cha kuifunika usiku wa barafu. Na mbegu zitafute huku huku. Mbegu ya kufichwa kwenye begi kutoka nyumbani inaweza kukuletea faini uwanja wa ndege na ugonjwa shambani.

Zao likipatikana, swali ni nani ananunua. Hapa nina wasiwasi wa kweli juu ya wakulima wenzetu, kwa sababu wengi wameegemea mlango mmoja. Machi 2025 Wizara ya Kilimo ilifuta fungu la mwaka huo la mpango wa LFPA, uliokuwa ukiziwezesha benki za chakula kununua kwa wakulima wa karibu, pamoja na mpango ndugu yake wa mashule. Jumla yake ilikuwa takriban dola bilioni moja nchi nzima. Mkulima aliyekuwa amepanda kwa kutegemea oda hizo alibaki na mboga shambani. Miezi michache baadaye, sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye msaada wa chakula wa SNAP mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Msaada huo ndio unaoingia kwenye kadi ya Lone Star, na wenye kadi hiyo ndio wale mama wanaojua kupika matembele. Kwa hiyo mabadiliko ya Washington yamemgusa muuza lengalenga wa Vickery Meadow huko Dallas na wa Alief huko Houston moja kwa moja, bila yeye kuwa mpokea msaada.

Wakambodia wa Rosharon, kusini ya Houston, wana jambo la kutufundisha. Walijenga maisha ya familia nyingi juu ya mboga moja, mchicha wa maji, ambao serikali kuu imeuweka kwenye orodha ya magugu hatari na Texas huruhusu kuulima kwa kibali tu. Walilazimika kuupigania ili vibali hivyo vipatikane. Harvey ilipokuja ikabomoa nyumba zao za plastiki. Uvumilivu wao nauheshimu sana. Lakini zao moja lenye sheria moja juu yake ni kamba nyembamba ya kuning'iniza nyumba nzima.

Ushauri wangu ni kwamba mnunuzi mmoja asizidi theluthi ya mauzo yako, awe benki ya chakula, mgahawa, duka la Kiafrika au shirika lililokupokea. Soko la Jumamosi liwe moja, duka liwe lingine, na wateja wa kikapu cha kila wiki wawe wa tatu. Hao wa kikapu hulipa mwanzoni mwa msimu, na hapo pana mtego. Dola 3,000 ulizopokea Februari si faida. Ni deni la mboga za Aprili na Mei. Zifungulie akaunti yake, utoe kila wiki kiasi cha wiki hiyo tu. Andika pia kwenye makubaliano kwamba baridi au mafuriko yakiharibu shamba utafanya nini: utarudisha fedha, utasogeza wiki, au mteja amekubali kubeba hasara pamoja nawe. Lisemwe mapema. Mteja Mmarekani huvumilia mengi akiwa ameambiwa.

Kibandani uza kwa fungu. Mizani ya biashara Texas lazima isajiliwe na idara ya leseni, na fungu la matembele halihitaji mizani. Bei ya fungu iandike ubaoni na usiishushe saa tano ili umalize. Wateja wakishajua unashusha, watakuja saa tano. Bima ya gari nayo isome. Bima ya matumizi ya nyumbani inaweza kukataa kulipa ajali iliyotokea ukiwa umebeba mzigo wa biashara.

Mikopo sasa. Texas imejaa vioo vya duka vinavyotangaza fedha za haraka kwa dhamana ya hati ya gari. Riba na ada za mikopo hiyo, zikihesabiwa kwa mwaka, mara nyingi hupita asilimia 200. Mkulima akichukua dola 1,500 kununua pampu Machi, akashindwa Juni, anapoteza gari, na bila gari hakuna soko. Nasema bila kusita: usiweke hati ya gari la shamba rehani, kwa dharura yoyote. FSA ina mikopo midogo ya hadi dola 50,000 ya uendeshaji, yenye riba ya chini na makaratasi machache kuliko mikopo yake mingine. Uliza kwanza kama hadhi yako ya uhamiaji inakubalika. Shirika la Kiva hukopesha hadi dola 15,000 bila riba kwa biashara ndogo Marekani, jambo ambalo Waislamu wengi wataliona lina nafuu ya dini pia. Na kuna upatu wetu, au likelemba kama mmezoea kusema. Omba zamu yako iangukie Januari au Februari, wakati wa kununua mbegu na mabomba. Usiihesabu kuwa ndiyo akiba ya dharura, kwa sababu kimbunga hakifuati zamu.

Serikali pia huchangia nyumba za plastiki kupitia mpango wa EQIP wa idara ya hifadhi ya udongo. Usinunue hata bomba moja kabla mkataba haujasainiwa. Ukianza mapema hulipwi. Na fedha hiyo huhesabiwa kuwa mapato, kwa hiyo iweke kwenye hesabu za kodi.

Kodi yenyewe wengi huiogopa bure, au huipuuza kwa hasara. Faida halisi ya biashara yako ikifika dola 400 kwa mwaka, unapaswa kulipa kodi ya waliojiajiri. Mauzo na gharama za shamba huandikwa kwenye fomu ya Schedule F. Mwenye angalau theluthi mbili ya mapato yake kutoka shambani anaweza kuwasilisha na kulipa yote ifikapo tarehe 1 Machi bila kulipa kidogo kidogo katikati ya mwaka. Weka risiti zote kwenye bahasha ya kila mwezi. Chukua namba ya kilimo kutoka ofisi ya Comptroller wa Texas, haina malipo, ili usitozwe kodi ya mauzo, ambayo hufika asilimia 8.25, kwenye mbolea ya biashara. Schedule F za miaka michache mfululizo ndizo zitakazokufungulia mkopo na bima bora zaidi. Anayeuza taslimu bila kuandika hana cha kuonyesha siku anapohitaji. Na ukiwa unapokea msaada wowote wa serikali, yaripoti mapato ya shamba, hata yakiwa madogo, kwa sababu kudaiwa kurudisha msaada wa mwaka mzima kumewavunja watu walioweza kuvumilia baridi na mafuriko.

Kama unalima leo, hata robo ekari nyuma ya kanisa, na hujawahi kufika ofisi ya FSA ya kaunti yako, piga simu wiki hii uombe namba ya shamba. Haina malipo, na bila namba hiyo hakuna NAP wala mkopo wao utakaokufikia.